Karibu na Mbali: Mgeni, Sikio na Lugha ya Kithai

Katika Kithai, neno la karibu na neno la mbali hutenganishwa na sauti ya koo tu. Kwa sikio la mgeni yote mawili ni klai. Likitamkwa kwa sauti tambarare, isiyopanda wala kushuka, maana yake ni mbali. Likianzia juu kisha likateremka, ni karibu. Mgeni anayemuuliza dereva wa teksi mjini Bangkok kama hoteli iko karibu anaweza kuwa ameuliza kama iko mbali, naye akapewa jibu sahihi la swali ambalo hakulikusudia. Nimeianza makala hii na jozi hiyo ya maneno kwa kuwa inabeba kumbukumbu nzima ya wageni na lugha hii, tangu enzi Thailand ilipoitwa Siam hadi leo. Wapo walioishi Thailand miaka kumi au ishirini, wakaoa huko na kujenga huko, na bado wanaagiza chakula kwa kunyoosha kidole. Wapo pia waliofika mikono mitupu, na baada ya muda si mrefu wakawa wanabishana sokoni kama wenyeji. Sababu zinazotajwa mara nyingi ni umri, kipaji na ugumu wa lugha yenyewe. Kila moja ina ukweli wake, lakini zote tatu haziufikii mzizi. Hoja yangu ni kwamba Kithai huwaponyoka wageni wengi kwa sababu wanautanguliza ulimi na kuliacha sikio nyuma, na kwamba sikio halifunguki mpaka mtu akubali kuacha ugeni na kuwa mwanafunzi miongoni mwa watu.

Tuanze na kile ambacho sikio linatakiwa kukinasa. Kithai sanifu kina toni tano: ya kati, ya chini, ya kushuka, ya juu na ya kupanda. Toni ni sehemu ya neno kama zilivyo konsonanti na irabu zake; ukiibadilisha, umetaja neno jingine. Silabi maa kwa toni ya kati ni kuja, kwa toni ya juu ni farasi, kwa toni ya kupanda ni mbwa. Kuna sentensi maarufu ambayo wanafunzi wapya huonyeshwa, yenye maneno matano ambayo yote husikika kwao kama mai, kumbe inauliza iwapo kuni mpya haziungui. Msomaji wa Kiswahili asidhani haya ni maajabu ya Asia peke yake. Sisi tunajua kuwa barabara ya magari na kazi iliyofanywa barabara hutofautiana kwa mahali pa mkazo. Wenyeji wa Mombasa na Lamu wanalisikia kaa la moto mbali na kaa wa baharini, kwa kuwa huyu wa pili hutamkwa kwa mpumuo. Na Kithai nacho huzitenga p, t na k zenye mpumuo na zile zisizo nao, kiasi kwamba kuzichanganya ni kuchanganya maneno. Msemaji wa Lingala anajua kuwa moto ni mtu, na kwamba sauti ikipanda kwenye silabi ya mwisho anayetajwa si mtu tena, ni kichwa. Kiswahili chenyewe hakina toni, lakini wengi wetu tumelelewa pia na lugha za Kibantu zilizo nazo, ingawa toni hizo zina kanuni tofauti na za Kithai. Kinachohitajika, basi, hakiko nje ya uwezo wa binadamu. Kinahitaji tu kusikilizwa kwa namna ambayo mtu mzima ameizoea katika lugha zake na hajawahi kuidai katika lugha ya wengine.

Tatizo ni kwamba kila mtu mzima huingia katika lugha mpya akiwa na wimbo wake kichwani. Kiswahili huuliza swali kwa kiimbo: “Amefika” na “Amefika?” ni neno lile lile, na sauti ndiyo inayotuambia kama tunapewa habari au tunaulizwa. Kiingereza nacho huinua sauti kwenye swali, na hukandamiza neno linalotiliwa nguvu. Wimbo huo hatuuoni, kama vile samaki asivyoyaona maji. Mgeni anapokisema Kithai juu ya wimbo wa kwao, anapandisha silabi ya mwisho kwa kuwa anauliza, au anaishusha kwa kuwa amemaliza, na kila mara anaharibu neno lililosimama hapo. Kithai kina kijineno chake cha kuulizia, na kijineno hicho kina toni yake kama maneno mengine. Si kwamba lugha hiyo haina kiimbo cha hisia au cha msisitizo; inacho, lakini kinatembea ndani ya mipaka ya toni. Kosa hili halirekebishwi kwa kukariri maneno mengi zaidi. Mwenye maneno elfu tatu yaliyopandwa juu ya wimbo wa kigeni anajikuta akieleweka kidogo kuliko mwenye mia tatu yaliyosikilizwa vizuri. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakidhani wamekosa msamiati, na hurudi kwenye kamusi kutafuta dawa ya ugonjwa usio wao.

Kinacholiziba sikio zaidi ni herufi za Kilatini. Wageni wengi huanza Kithai kwa vitabu vidogo vya misemo vilivyoandikwa kwa herufi hizo, na huona wamefupisha safari. Lakini utaratibu rasmi wa serikali ya Thailand wa kuandika Kithai kwa Kilatini hauonyeshi toni, wala hauonyeshi kama irabu ni fupi au ndefu. Kwa utaratibu huo, khao ni wali, tena ni nyeupe, habari, mlima, goti, kuingia, na ni yeye. Mthai akiyaona maneno hayo katika maandishi yake huona karibu yote yakiwa tofauti. Mgeni huona neno moja lenye maana saba, kisha husema kwamba lugha hii ni ya kubahatisha. Hata jina la uwanja mkubwa wa ndege wa Bangkok, Suvarnabhumi, limeandikwa kufuata asili yake ya Kisanskriti, na wenyeji hulitamka karibu na Suwannaphum. Atakayepinga atasema kwamba maandishi ya Kithai yana konsonanti 44, mbili zikiwa hazitumiki tena, na kwamba hayaachi nafasi kati ya neno na neno. Mtu mwenye kazi na familia atayapatia wapi muda? Ni kweli yanahitaji miezi. Lakini maandishi hayo yanatunza sauti: konsonanti zimegawanywa katika makundi matatu, na kundi la konsonanti, urefu wa irabu, namna silabi inavyofungwa na alama iliyowekwa juu yake, vyote kwa pamoja humwambia msomaji toni ni ipi. Anayejifunza kuyasoma anajifunza kusikia kwa macho. Anayeyakwepa anaokoa miezi michache mwanzoni na kuilipa kwa miaka.

Historia ya Siam inatupa ushahidi wa watu waliolitanguliza sikio. Katika karne ya 17 alifika huko Constantine Phaulkon, Mgiriki wa kisiwa cha Kefalonia, aliyetoka kwao akiwa kijana na kufanya kazi katika meli za Waingereza. Hakukuwa na kamusi wala shule ya lugha ya kumpokea. Alijifunza Kithai katika biashara na ukalimani, akapanda hadi kuwa mtu mwenye nguvu kubwa katika baraza la Mfalme Narai, na alikuwa na adui wengi hata akauawa mwaka 1688 katika mapinduzi yaliyoufunga utawala huo. Habari zake zinaonyesha kuwa lugha haimwokoi mtu na siasa, na zinaonyesha pia kwamba mtu mzima wa Ulaya aliweza kukisema Kithai hadi mbele ya mfalme. Katika karne ya 19 padri Mfaransa, Jean-Baptiste Pallegoix, aliishi jirani na mtawa wa Kibudha aliyeitwa Mongkut, mwana wa mfalme ambaye mwaka 1851 alitoka utawani na kuketi kwenye kiti cha enzi. Padri alimfundisha Mongkut Kilatini, naye akafundishwa Kipali, lugha ya maandiko ya Kibudha, na lugha ya nchi. Pallegoix alichapisha sarufi ya Kithai mwaka 1850, na mwaka 1854 kamusi kubwa ya Kithai, Kilatini, Kifaransa na Kiingereza. Wengi humkumbuka kwa kamusi hiyo. Mimi naiona miaka zaidi ya ishirini ya kukaa na kusikiliza iliyoitangulia, kwa kuwa kamusi ilikuwa mavuno ya sikio na haikuwa jembe la kulimia.

Mtu atasema kwamba hao waliishi Siam, na kwamba kuishi nchini ndiko kunakofundisha. Mfano wa Mary Haas unalijibu hilo. Alikuwa mwanaisimu Mmarekani aliyeianza kazi yake ya Kithai huko huko Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, akiketi na wasemaji wa lugha hiyo, akisikiliza na kuandika, na akafundisha wanajeshi waliohitaji kuijua. Kamusi yake ya Kithai na Kiingereza iliyotoka mwaka 1964 imewafaa wanafunzi wa vizazi kadhaa. Ukimweka kando ya mgeni aliyeishi miaka ishirini katika mji wa Pattaya, Thailand, na asiyejua kuhesabu hadi mia, unaona kwamba ukaribu wa mahali ni kitu kimoja na ukaribu wa sikio ni kingine. Idara ya mafunzo ya lugha ya wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kuwa mtu anayejua Kiingereza anahitaji takriban saa 900 za darasani ili akimudu Kiswahili kikazi, na takriban saa 1,100 kwa Kithai. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani, na hesabu yake inafungua macho. Saa moja kila siku bila kukosa ni kama miaka mitatu. Mgeni anayefanya kazi kwa Kiingereza, akatazama filamu kwa Kiingereza na kunywa na watu wa kwao, huenda akawa na miaka kumi ya Bangkok na hata saa 200 za Kithai hajazifikisha. Hajashindwa na lugha, maana hajakutana nayo. Tunahesabu miaka ya kuishi mahali kana kwamba ni miaka ya kujifunza, kisha tunailaumu akili.

Aliyeisukuma hoja ya sikio mbali kuliko wote ni J. Marvin Brown, mwanaisimu Mmarekani aliyefanya kazi miaka mingi katika kituo cha lugha cha AUA mjini Bangkok. Uzito wa ushahidi wake unatokana na kwamba ndiye aliyeviandika vitabu vya kituo hicho vya miaka ya 1960, vilivyofundisha kwa mazoezi ya kurudia sentensi na kubadilisha neno mojamoja. Baadaye alivipa kisogo. Katika miaka ya 1980, akivutiwa na mawazo ya Stephen Krashen kwamba lugha hupatikana kwa kuelewa tunachosikia, alianzisha masomo ambamo walimu wawili huzungumza mbele ya darasa, wakicheka, wakichora na kuigiza, na wanafunzi husikiliza tu kwa mamia ya saa bila kutakiwa kusema chochote. Brown aliandika kumbukumbu za safari yake hiyo ya fikra, na hitimisho lake lilikuwa kwamba mtu mzima hajapoteza uwezo wa mtoto. Kinachomzuia ni kutumia uwezo mwingine alio nao, yaani kuchambua, kutafsiri na kusema kabla hajasikia vya kutosha. Pingamizi ni wazi. Mtoto hana kodi ya nyumba wala foleni ya uhamiaji, na mtu mzima hawezi kukaa kimya mwaka mzima huku anahitaji maji na dawa. Tena madai kwamba kusema mapema huharibu matamshi moja kwa moja ni mazito kuliko ushahidi uliopo, kwa kuwa wapo waliosema tangu siku ya kwanza na wakafika mbali. Kwa hiyo nalichukua somo la Brown bila kuuchukua ukali wake. Mgeni aseme anachohitaji kusema, lakini saa anazosikiliza zizidi mara nyingi saa anazosema, na asikilize anachoweza kukielewa. Redio inayopiga kelele pembeni bila kueleweka haimfundishi mtu.

Pingamizi zito zaidi ni la haja. Bangkok ya wageni inaendeshwa kwa Kiingereza. Hospitali kubwa zina wakalimani, na muuzaji akimsikia mzungu akisuasua humjibu kwa Kiingereza ili kumwondolea taabu. Kwa nini basi mtu ateseke? Wapo hata wanaojiandikisha katika shule za Kithai kwa sababu ya kibali cha kukaa nchini kama wanafunzi. Kwao darasa ni karatasi, na hawaoni haja ya kulipa sikio lao. Swali hili halijibiwi kwa kuwatazama wazungu peke yao. Katika Samut Sakhon, mkoa wa viwanda vya samaki kusini-magharibi mwa Bangkok, wanaishi wafanyakazi wengi kutoka Myanmar. Wengine wengi hutoka Kambodia na Laos na kuenea mashambani, majumbani na kwenye majengo yanayojengwa nchi nzima. Hawa nao ni wageni wanaojifunza Kithai, ingawa hakuna anayewaandikia vitabu vya misemo. Mlao ana lugha iliyo ndugu ya Kithai, na Kiburma kina toni zake. Lakini Kikambodia sanifu hakina toni, na ingawa kimebadilishana maneno mengi na Kithai, Mkambodia hukutana na toni kama tunavyokutana nazo sisi. Wengi wao hujifunza wakiwa watu wazima, wamechoka na kazi, bila darasa. Wanaisikia lugha kwa saa nane hadi kumi kwa siku, kutoka kwa watu wanaoweza kuwaelekeza, kuwaonya au kuwapunja. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe siku ya kwanza, na lugha ikaja na mpini wake. Mgeni wa hoteli na ofisi hubaki mgeni wa siku ya pili kwa miaka ishirini, akikirimiwa kwa lugha yake. Sisemi kwamba dhiki ni mwalimu mwema. Wengi hulipa ghali mno kwa masomo hayo. Nasema kwamba wanaithibitisha hoja: akili ya mtu mzima, hata ile iliyozoea lugha isiyo na toni, huipokea lugha hii inapowekwa karibu nayo muda wa kutosha.

Kusikia kuna upande mwingine usiopimwa na masomo ya fonetiki. Kithai humtaka msemaji ajue amesimama wapi mbele ya anayemsikia. Mwanamume hufunga kauli yake ya adabu kwa khrap, mwanamke kwa kha. Aliyekuzidi umri kidogo ni phi, yaani kaka au dada mkubwa. Mdogo wako ni nong. Aliye rika la wakubwa wa wazazi wako ni lung akiwa mwanamume na pa akiwa mwanamke, hata kama ni muuza supu unayemwona kwa mara ya kwanza. Msomaji wa Kiswahili hapa yuko nyumbani, maana nasi hatumwiti mtu mzima jina kavu. Tunasema kaka, dada, shangazi, mzee, na shikamoo inapita kabla ya swali. Mgeni anayemwita kila mtu khun kwa kuwa kitabu kilimwambia ni neno la heshima hajakosea, ila amejiweka kwenye kizingiti. Na hapa sikio lenyewe lina mtego: wanaume wengi wa kigeni hujifunza kutoka kwa wake na wapenzi wao, na matokeo yake hufunga sentensi zao kwa kha kama wanawake. Pingamizi hili nalikubali. Sikio hunakili linachopewa, na likipewa sauti moja litanakili sauti hiyo. Tiba yake ni kusikiliza wengi: wazee, watoto, watawa, wauza mboga. Ndivyo pia mgeni wa Khon Kaen au Chiang Mai atakavyotambua kwamba Kithai cha kitabuni si Kiisan, lugha ya kaskazini-mashariki, wala lugha ya kaskazini anayoisikia majirani wakizungumza, na kwamba hajapotea. Amesogea tu ndani zaidi ya nyumba.

Kithai kinakuita kuelewa khao jai, kuingia moyoni, na moyo huo huo unajenga maneno mengi ya tabia: moyo mwema, moyo wa baridi kwa mtu mtulivu, maji ya moyo kwa ukarimu. Kuna kreng jai, ile hali ya kusita usije ukamtwika mwenzako mzigo, ambayo Mswahili ataitambua katika staha na katika kumwonea mtu haya. Ni hali hiyo inayomfanya Mthai atabasamu na kuitikia hata pale ambapo hakuelewa alichosema mgeni. Asiyesikiliza huondoka akiamini ameeleweka, na hubaki na kosa lake miaka yote, kwa sababu upole wa wenyeji umelificha. Ndiyo maana kujifunza hakuwezi kuwa kazi ya mgeni peke yake. Mwenyeji anayekimbilia Kiingereza kwa huruma anamnyang'anya mgeni saa alizohitaji, na mgeni anayeona haya kukosea anajinyima mwenyewe. Pallegoix na Mongkut waliipatia njia. Kila mmoja alikuwa mwalimu kwa saa moja na mwanafunzi kwa saa nyingine, na hakuna aliyeweza kumwonea haya mwenzake, kwa kuwa wote wawili walikuwa wakikosea. Mkazi wa Bangkok wa leo anaweza kufanya mapatano hayo hayo na jirani yake anayetaka Kiingereza, nusu saa kwa nusu saa, bila ada. Katika nusu saa ya jirani atasikia klai ikipita mara nyingi, na siku moja, bila kuhesabu toni, atajua kuwa lililotajwa ni karibu.